Mizani na mito ni silaha kwa mzee anayeugua moyo na mapafu

MZEE anayeugua moyo na mapafu kwa pamoja huhitaji mlezi mwenye jicho kali. Moyo dhaifu ukishindwa kusukuma damu ipasavyo, maji hujaa mwilini, miguu huvimba na pumzi hukatika. Kwa hivyo, apimwe uzani kila asubuhi kabla ya kiamshakinywa. Akiongeza kilo 2 katika siku 3, daktari aarifiwe mara moja.

Alale akiwa ameinuliwa kwa mito, apunguziwe chumvi na aepushwe na moshi wa kuni.

Oksijeni nayo ni dawa. Kwa wengi ambao mapafu yao yameharibiwa na moshi au sigara, kiwango kinacholengwa katika damu ni asilimia 88 hadi 92. Jamaa wakiiongeza kwa huruma, hewa chafu yaweza kurundikana mwilini, mgonjwa akasinzia na kupoteza fahamu.