Milango ya Fahamu na Ubunifu wa Vifaa: Kutoka Nakivale hadi Mbarara

Milango ya fahamu ya binadamu haifanyi kazi kila mmoja peke yake. Macho, masikio, ngozi, pua na ulimi hupeleka taarifa kwenye ubongo kwa wakati mmoja, nao ubongo huzipima na kuziunganisha kabla mtu hajatambua kilicho mbele yake. Wanasaikolojia na wataalamu wa mishipa ya fahamu huuchunguza muungano huo. Wabunifu wa vifaa huyatumia matokeo yao kuamua kifaa kimweleze nini mtumiaji, na kwa njia ipi: mwanga, mlio au mtetemo.

Ushirikiano huo huonekana kila siku katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, yaliyoanzishwa mwaka 1958. Anayekinga maji bombani halazimiki kuchungulia ndani ya jerikani. Maji yakipanda, nafasi ya hewa iliyobaki hupungua na mlio huzidi kuwa mwembamba, hivyo sikio humjulisha kwamba chombo kinakaribia kujaa. Mwaka 2000, watafiti Patrick Cabe na John Pittenger walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu, wakiwemo vipofu, wanaweza kujaza chombo hadi kiwango kinachotakiwa kwa kusikiliza tu. Mlio wa namna hiyo haumchoshi mtu, kwa sababu unabadilika sawasawa na jambo lenyewe.

Mazungumzo nayo hutegemea zaidi ya masikio. Mwaka 1954, W. H. Sumby na Irwin Pollack walionyesha kwamba penye kelele msikilizaji huelewa maneno mengi zaidi akiuona uso wa msemaji. Mwaka 1976, Harry McGurk na John MacDonald walipachika sauti ya “ba” kwenye picha ya midomo inayotamka “ga”. Watazamaji wengi walisikia “da”, silabi ambayo haikuwemo katika sauti wala katika picha. Matokeo haya yana uzito Nakivale, ambako wanaishi watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko, na wengi huhudumiwa kwa lugha ambayo si yao ya kwanza. Ukalimani wa simu ya sauti pekee humnyima mgonjwa midomo na uso wa msemaji. Picha ya video, mtandao ukiruhusu, humrudishia msaada huo.

Je, ubongo hufuata mlango upi taarifa zinapopishana? Mwaka 2002, Marc Ernst na Martin Banks walieleza kwamba ubongo huupa uzito zaidi mlango wenye taarifa za kuaminika zaidi kwa wakati huo. Jicho likitiwa ukungu, mkono hupewa nafasi kubwa zaidi. Kwa hiyo hakuna mlango ulio bora kila mahali. Kioo cha simu hufifia juani, mlio hupotea katika kelele za bodaboda, na mtetemo hauhisiwi kama simu imewekwa mezani. Ndiyo maana simu huita na kutetema kwa pamoja, na simu nyingi za vitufe zina kinundu juu ya namba 5 ili kidole kijue kilipo bila msaada wa macho.

Mfano mzito zaidi umetoka Mbarara, mji ambao hospitali yake ya rufaa hupokea wagonjwa wa eneo zima, wakiwemo wa Nakivale. Mtoto mchanga asipopumua, mkunga humpulizia hewa kwa mfuko na barakoa. Mkono wake husikilizia ukinzani wa mfuko, jicho hutazama kama kifua kinapanda, na sikio hutafuta mlio wa hewa inayovuja. Muda ni dakika chache, na hofu hudhoofisha milango yote mitatu. Hewa ikivuja pembeni, njia ya hewa ikiziba, au mfuko ukibanywa kwa nguvu mno, mkunga anaweza asitambue.

Dkt. Data Santorino wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, pamoja na Dkt. Kristian Olson wa Massachusetts General Hospital, Marekani, na wenzao, walibuni kifaa kinachoitwa Augmented Infant Resuscitator. Hufungwa kwenye mfuko wa kupumulisha, hupima shinikizo na mtiririko wa hewa, na kumjulisha mhudumu papo hapo kama anafanya sawasawa au kuna kasoro. Katika majaribio kwa watoto wa bandia nchini Uganda na Marekani, wahudumu waliopata taarifa hizo walifikia upumulishaji unaofaa mapema zaidi. Hewa isiyoonekana imegeuzwa kuwa ishara ambayo mtu anaweza kuifuata.

Hata hivyo, kuongeza ishara si kuongeza ufahamu. Katika wodi zenye mashine nyingi, milio inayolia bila sababu huwazoesha wauguzi kutoijali, na mlio wa hatari ya kweli huweza kupuuzwa. Kifaa chema hutumia mlango ambao wakati huo hauna kazi nyingine, husema jambo moja kwa uwazi, na husisitiza kwa milango miwili pale tu uhai unapohusika. Kabla hakijasambazwa, kijaribiwe na wale watakaokitumia, mahali pale pale watakapokitumia: juani, kwenye kelele, gizani, na kwa lugha zao. Vyuo na mashirika yanayopeleka teknolojia vijijini na makambini yanapaswa kulifanya hilo kuwa sharti.