MKUNGA NA SAMAKI MSAFISHAJI SEBULENI: PICHA ILE INAWADANGANYA WENGI

Leo siasa na mpira naviweka pembeni kidogo.

Kuna ile picha inayozunguka sana mtandaoni. Mkunga kaachama mdomo, meno yote nje, halafu kasamaki kembamba ka buluu kenye mstari mweusi kameingia humo ndani kanadonoadonoa. Mkunga katulia tuli! Baadaye kasamaki kanatoka salama, kanaenda zake.

Sasa kuna vijana wameniuliza swali moja: "Kaka, nikitengeneza tangi la maji chumvi nikawaweka wale wawili, si itakuwa bonge la kitu?" Mmoja ni kinyozi, anataka liwe kwenye banda lake la kunyolea ili wateja wapate cha kutazama. Hela anayo, ya kudunduliza. Ndiyo maana nimeona nijibu hapa hapa ili kila mtu asome kabla hajatoa hata shilingi.

Mimi shule nimeishia kidato cha nne, si mtaalamu wa uvuvi. Nilichofanya ni kusoma sana na kuwauliza wanaojua. Jibu fupi ni hili: mkunga anafugika, ndugu kadhaa wa yule kasamaki wanafugika, ila kasamaki kenyewe kaacheni baharini. Jibu refu ndilo linafuata.

KASAMAKI KALE NI NANI?

Jina lake la kisayansi ni Labroides dimidiatus. Mimi namwita msafishaji kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Yuko kwenye ukoo wa Labridae, wenye aina zaidi ya 500. Ukoo huo una wadogo wa urefu wa kidole, na una yule mkubwa anayeitwa Napoleon, Cheilinus undulatus, anayeweza kuzidi mita 2. Majina ya wavuvi yanabadilika mahali na mahali, kwa hiyo hapa nitawaita wote labridi tusichanganyane.

Msafishaji yupo kwenye matumbawe yetu kuanzia Kenya, Tanzania, Zanzibar mpaka Msumbiji, na huko mbele mpaka Pasifiki. Anakaa sehemu moja, tuseme kama kijiwe. Samaki wengine wanakuja, wanapanga foleni, wanafungua midomo na mashavu, yeye anawatoa vimelea wanaonyonya damu. Utafiti wa Alexandra Grutter huko Australia, uliotoka mwaka 1996, ulikuta msafishaji mmoja anakula vimelea kama 1,200 kwa siku. Elfu moja na mia mbili, wadau! Kwa siku moja!

Hapo ndipo hesabu ya sebuleni inapogoma. Baharini hao 1,200 wanatoka kwa samaki wengi sana wanaopita siku nzima. Wewe kwenye tangi una mkunga mmoja na samaki wengine watatu. Atapata wapi chakula? Wapo wachache wanaojifunza kula vyakula vya kununua, lakini wengi wanakonda taratibu na kufa. Mwenye tangi anadhani ni ugonjwa, kumbe ni njaa.

Na kuna jambo la pili ambalo picha haikuambii. Watafiti wamegundua kwamba msafishaji akipewa nafasi ya kuchagua, anapenda zaidi ute wa ngozi ya mteja kuliko vimelea. Ute ule ndio kinga ya samaki. Baharini anajizuia kwa sababu akimng'ata mteja, mteja anamfukuza au anahamia kwa msafishaji mwingine, biashara inaharibika. Kwenye tangi mteja atahamia wapi? Kioo huku, kioo kule. Kwa hiyo msafishaji mwenye njaa anawasumbua wenzake kutwa nzima, nao wanadhoofika. Ule urafiki wa kwenye picha unategemea ukubwa wa bahari. Ukiupunguza ukawa lita 200, urafiki unakwisha.

Halafu fikiria alikotoka. Huko Lizard Island, Australia, watafiti waliwaondoa wasafishaji kwenye baadhi ya miamba kwa miaka 8 na nusu, wakalinganisha na miamba iliyoachwa na wasafishaji wake. Matokeo yalitoka mwaka 2011: ile isiyo na wasafishaji ilikuwa na samaki wakazi wachache zaidi, na aina chache zaidi. Kwa maana hiyo, mtu akikamata kasamaki kamoja ka sentimita 10 auze, anaigusa pia mboga ya mvuvi wa jirani yake. Na msafishaji ni miongoni mwa samaki wa mapambo wanaokamatwa na kusafirishwa nje kutoka pwani hii yetu. Hili si jambo la Australia tu.

MKUNGA JE?

Mikunga iko aina karibu 200, na hapa ndipo watu wanaponunua kwa macho. Usinunue mkunga kwa rangi. Mtazame meno.

Aina ya kuanza nayo ni Echidna nebulosa, mweupe mwenye madoa meusi kama ya wino na chembe za njano. Yupo kwenye maji yetu ya kina kifupi. Meno yake mengi ni butu, ya kusagia kaa na kamba, kwa hiyo hana tamaa sana ya samaki wenzake. Wengi wanafika sentimita 60 mpaka 70. Mwingine mpole ni Gymnomuraena zebra, mwenye mistari kama punda milia, naye ni mlaji wa kaa, ila anaweza kufika mita 1 na nusu. Huyo anataka tangi kubwa haswa.

Wa kumkimbia ni yule mkubwa, Gymnothorax javanicus. Akiwa mdogo anapendeza. Akikua anafika mita 3. Mita tatu utamlaza wapi, uvunguni?

Mambo manne ya kujua kuhusu mkunga:

1. Kufungua na kufunga mdomo si hasira. Ndivyo anavyopumua.

2. Macho yake ni hafifu, anategemea pua. Ukishika samaki mbichi halafu ukaingiza mkono kwenye tangi, kwake mkono nao ni samaki. Mlishe kwa kijiti au koleo refu, mara 2 au 3 kwa wiki inatosha: vipande vya kamba, ngisi na samaki wa baharini.

3. Ana taya za pili kooni. Mwaka 2007 Rita Mehta na Peter Wainwright walionyesha kwamba mkunga aking'ata, taya za kooni zinaruka mbele na kuvuta chakula ndani. Mwaka 2021 Mehta akaonyesha tena kwamba Echidna nebulosa anaweza kumeza chakula akiwa nje ya maji kabisa, kwa taya hizo hizo.

4. Anatoroka. Tundu la kupitisha waya wa pampu linamtosha. Utamkuta sakafuni asubuhi, kakauka. Mfuniko ufungwe na uwekewe uzito.

LABRIDI WA KUFUGWA

Kwa tangi lenye mkunga chagua labridi mnene kuliko mdomo wa mkunga. Halichoeres hortulanus mwenye miraba kama ya bao la drafti anafika sentimita 27. Thalassoma lunare, wa kijani mwenye mkia kama mwezi mwandamo, naye ni mgumu haogopi, ila ni mkorofi kwa wadogo. Wote wawili wapo pwani hii.

Ukitaka labridi wadogo wa rangi kali kama Halichoeres iridis, anayepatikana upande huu wa magharibi wa Bahari ya Hindi, mtengenezee tangi lake bila mkunga. Usiku mkunga anatoka kuwinda, na labridi wa Halichoeres usiku wanalala wamejifukia mchangani. Unaelewa mwenyewe kitakachotokea.

Kwa sababu ya kulala mchangani, weka mchanga laini wa kina cha sentimita 5 mpaka 8. Mawe makali yanawachubua. Siku za mwanzo labridi anaweza kujifukia asionekane hata siku kadhaa, usimfukue ukidhani amekufa. Na wanaruka, kwa hiyo ule mfuniko unawahusu na wao.

Pia msishangae rangi ikibadilika. Labridi wengi wanaanza maisha wakiwa majike, baadaye wanageuka madume. Kwa msafishaji, D. R. Robertson alieleza mwaka 1972 kwamba dume akitoka, jike kubwa linashika uongozi ndani ya masaa machache tu, na baada ya wiki 2 mpaka 3 ni dume kamili.

Kitu kingine: labridi hawa wakubwa na mkunga wote wanakula kaa, kamba na konokono. Ukiwatia hao kama mapambo umewaletea futari.

TANGI LENYEWE

Kwa mkunga mdogo peke yake, lita 200 ndiyo mwanzo. Ukitaka na labridi mkubwa, nenda lita 400 na kuendelea. Lita 400 za maji chumvi ni zaidi ya kilo 400 bila mawe na kioo, kwa hiyo meza ya mbao ya kawaida isahau.

Maji yawe nyuzi 24 mpaka 27, na haidromita isome 1.023 mpaka 1.026. Jua letu linachemsha maji haraka, weka tangi mbali na dirisha. Maji yakipungua kwa kukauka ongeza maji baridi yasiyo na klorini, usiongeze ya chumvi, kwa sababu chumvi haikauki. Ukichota maji baharini, usichote karibu na bandari wala mdomo wa mtaro.

Sasa kosa linaloua samaki wengi kuliko yote: kununua tangi na samaki siku moja. Kinyesi cha samaki kinatoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaigeuza kuwa naitraiti, nayo sumu, halafu naitreti, ambayo ina nafuu. Bakteria hao wanahitaji kama wiki 4 mpaka 6 kuongezeka. Muda huo wote tangi linafanya kazi bila samaki. Amonia na naitraiti zikisoma sifuri ndipo unaleta samaki wa kwanza. Mkunga anachafua sana, kwa hiyo chujio liwe na nguvu na ubadilishe maji asilimia 10 mpaka 20 kila wiki.

Umeme ukikatika, hewa ndiyo inakwisha kwanza. Tafuta pampu ya hewa ya betri kabla ya kutafuta samaki. Na dawa zenye shaba uwe nazo mbali, mikunga na labridi hawazivumilii vizuri.

Kwa ndugu yangu kinyozi: manukato ya kupuliza na dawa za nywele zinavutwa na pampu ya hewa moja kwa moja mpaka majini. Ukishindwa kulitenga tangi, banda la kunyolea si mahali pake.

NA SHERIA

Usijichukulie samaki mwenyewe. Bongoyo na Mbudya pale Dar es Salaam ni hifadhi ya bahari, na Mafia kuna hifadhi tangu 1995. Yule Napoleon yumo kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES tangu mkutano wa mwaka 2004, biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Kabla ya kukamata au kununua chochote pita ofisi ya uvuvi ya wilaya yako uulize kibali.

Kwa hiyo wadau, ukiwa na nafasi, subira ya mwezi mzima na umeme wa akiba, mkunga mmoja wa madoa na labridi mmoja wa miraba watakupa raha ya miaka. Kama unachotaka ni ile picha ya kasamaki mdomoni mwa mkunga, kopa miwani ya kuzamia, panda ngalawa na mvuvi anayeijua miamba, ukaitazame kule kule kwenye kijiwe chao.

Nawasilisha. Wenye tangi nyumbani na wavuvi mliopo, leteni uzoefu wenu hapo chini. Matusi hayapiti.