Muuguzi Mwenye Adhabu ya Zamani Anaporudi Darasani

Muuguzi aliyetoka Palma au Mocímboa da Praia, nchini Msumbiji, akaamua kurudi masomoni ugenini, iwe Ureno, Uingereza au Marekani, kwa kawaida hawezi kumgusa mgonjwa wa mafunzo kwa vitendo bila kuwa chini ya kinga ya bima ya dhima. Wengi wetu tuliosoma kwa Kireno tunaijua bima kwa jina la seguro, ila tumezoea ile ya gari. Hii ya dhima humlipia muuguzi fidia na gharama za wakili pale mgonjwa anapodai kwamba ameumizwa na kosa lake. Kinachowakosesha watu usingizi si ada, maana ada ya mwanafunzi kwa kawaida ni ndogo. Ni swali moja lililomo ndani ya fomu: je, umewahi kuadhibiwa na chombo kinachosimamia leseni yako? Hoja yangu ni kwamba adhabu ya zamani yenyewe mara nyingi haifungi mlango. Kinachoufunga ni jibu la uongo, na jibu la kweli halipatikani mpaka mtu ajue vizuri ni adhabu gani aliyopewa, na ni nani aliyeitoa.

Hapo ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Kule Msumbiji muuguzi wa serikali ana mabwana wawili. Wa kwanza ni mwajiri, yaani dola, ambayo sheria ya watumishi wake inaorodhesha adhabu kwa ngazi: advertência (onyo), repreensão pública (karipio la hadharani), multa (faini), despromoção (kushushwa cheo), demissão (kuondolewa kazini), na mwisho expulsão (kufukuzwa). Wa pili ni chombo cha taaluma, Ordem dos Enfermeiros, chenye mamlaka juu ya usajili. Mtu anaweza kukatwa mshahara au hata kupoteza kazi ya serikali, na usajili wake usiguswe. Tukumbuke pia miaka tuliyoipitia. Vita vya waasi wa Cabo Delgado vilianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, mji ukatekwa Agosti 2020, na Palma ikashambuliwa tarehe 24 Machi 2021. Vituo vya afya vilichomwa, na wahudumu wakakimbia pamoja na wagonjwa wao. Tuseme kuna muuguzi aliyeandikiwa kosa la utoro katika miezi hiyo. Hiyo ni adhabu ya mwajiri. Fomu ikiuliza juu ya leseni pekee, jibu lake la haki ni hapana. Ikiuliza juu ya adhabu yoyote ya kazini, jibu ni ndiyo, na maelezo yafuate. Basi swali lisomwe neno kwa neno kabla kalamu haijagusa karatasi.

Kwa nini uongo uwe mbaya kuliko kosa lenyewe? Sheria za bima zinajibu waziwazi. Ureno ina sheria ya mkataba wa bima ya mwaka 2008, Decreto-Lei 72/2008, inayotofautisha aliyeficha kwa makusudi na aliyekosea kwa uzembe. Mkataba wa yule wa kwanza unaweza kubatilishwa wote. Uingereza ina Insurance Act ya 2015, iliyoanza kutumika Agosti 2016, na bima ya mtu kwa ajili ya taaluma yake inaangukia humo. Ukidanganya kwa makusudi, kampuni inaweza kuufuta mkataba, ikakataa kila dai na bado ikabaki na ada yako. Ukikosea bila nia mbaya, na kampuni ingekubali kukukinga kwa ada kubwa zaidi, fidia inaweza kupunguzwa kwa uwiano: ulilipa 100, ungetozwa 200, basi inalipwa nusu ya dai na nusu ya pili inakuangukia wewe. Anayefunua mapema huenda akaongezewa ada. Anayeficha huachwa peke yake siku ile hasa anayohitaji kusimamiwa.

Kuna watakaosema: nani atajua? Mafaili yameungua, na Mocímboa ni mbali. Naielewa hoja hii, lakini haina msingi. Rekodi ya taaluma haikai katika kabati la hospitali ya wilaya pekee, na vyombo vya ugenini huomba uthibitisho wa hadhi yako moja kwa moja kwa chombo cha nyumbani. Kwa aliyeadhibiwa huko huko ugenini, siri haipo kabisa. Baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza, NMC, huonyesha adhabu zinazoendelea katika rejista ambayo yeyote anaweza kuisoma. Marekani ina hifadhi ya serikali iitwayo National Practitioner Data Bank, ambayo tangu Machi 2010 inapokea pia taarifa za adhabu za leseni za wauguzi. Muuguzi mwenyewe anaruhusiwa kuomba nakala ya kilichoandikwa juu yake, na ningemsihi aiombe kabla ya kujaza fomu yoyote, ili maneno yake yasipishane na ya hifadhi.

Wengine husema chuo kinawakinga wanafunzi wote, basi ya nini kujisumbua? Uingereza hoja hii ina uzito: mwanafunzi aliye katika mafunzo ya NHS, huduma ya afya ya taifa, kwa kawaida hukingwa na mpango wa taasisi inayompokea, na wajibu wa kisheria wa kuwa na kinga, uliowekwa Julai 2014, unamhusu muuguzi aliyesajiliwa. Marekani vyuo vinatofautiana. Vingine vina bima ya pamoja, vingine humtaka kila mwanafunzi alete yake, na kiwango kinachoonekana mara nyingi ni dola 1,000,000 kwa kila dai na 3,000,000 kwa mwaka. Lakini aliyewahi kuadhibiwa aulize jambo ambalo mwenzake asiye na historia anaweza kulipuuza: je, kinga hii inalipa wakili nikiitwa tena mbele ya baraza? Bima ya chuo imelengwa kwenye madai ya wagonjwa, na kikao cha leseni mara nyingi hakimo. Aulize pia kama hati ya bima inafuata tarehe ya tukio au tarehe ya dai. Ikifuata tarehe ya dai, akihitimu na kuiacha, dai la mwaka ujao juu ya kosa la mwaka huu litamkuta hana kitu, isipokuwa amenunua nyongeza ya kipindi cha baadaye.

Kukataliwa nako kupo, sitawaficha. Kampuni ya kwanza ikisema hapana, wapo madalali wanaoshughulikia kampuni zinazopokea watu wenye historia, kwa ada ya juu zaidi. Ni vyema kumwendea dalali kabla ya kupeleka maombi rasmi, kwa sababu fomu nyingi huuliza pia kama umewahi kukataliwa bima, na kila hapana huongeza mstari wa kueleza. Barua ya maelezo iwe fupi: kosa, tarehe, uamuzi, masharti yaliyotimizwa, mafunzo yaliyofuata. Kama vita ndiyo sababu, vitajwe kwa mahali na siku. Kama si sababu, visitajwe, kwani aliyekosea dozi mwaka 2015 hana haki ya kujificha nyuma ya waliokimbia risasi mwaka 2020. Na uamuzi wa Kireno utafsiriwe na mtu anayeijua sheria ya utumishi, si jirani anayejua lugha tu. Demissão ni kuondolewa katika kazi ya serikali. Mfasiri akiandika kwamba leseni ilifutwa, muuguzi atakuwa amekiri kwa saini yake adhabu ambayo hakupewa na mtu yeyote.