Mkimbiaji wa Eldoret aliyegeukia theluji

Eldoret haina theluji, lakini ndiko alikotoka Philip Boit, Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki za majira ya baridi, mjini Nagano, Japani, mwaka wa 1998. Alikuwa na mapafu ya mkimbiaji, na alikuwa amepelekwa Finland kujinoa. Hata hivyo, kuteleza kwa skii, vile vibao virefu vya miguuni, si kukimbia: mikono husukuma kwa fimbo, mwili ukihama kutoka kibao kimoja hadi kingine bila kuyumba. Stadi hiyo wenyeji wa baridi huanza kujifunza utotoni. Boit alimaliza kilomita 10 akiwa wa mwisho, dakika 20 nyuma ya Bjørn Dæhlie wa Norway. Bingwa huyo alimngoja utepeni, akamkumbatia. Baadaye Boit alimwita mwanawe Dæhlie.