Nafasi ya Polisi Haiuzwi: Yale Kijana Anafaa Kujua Kabla ya Siku ya Usajili

Kila usajili wa makurutu wa polisi unapotangazwa, ofisi za chifu na za msimamizi wa wadi katika kaunti yetu hujaa vijana na wazazi wenye maswali yaleyale. Alama gani inahitajika? Kituo kiko wapi? Nibebe nini? Kisha kuna swali linaloulizwa kwa sauti ya chini: ni pesa ngapi?

Jibu la swali hilo la mwisho ni fupi. Hakuna ada. Hulipii kuingia uwanjani, hulipii kupimwa, wala hulipii barua ya kwenda chuoni. Anayekudai pesa anakuibia, na ukimpa ukitarajia akununulie nafasi, sheria inawahesabu nyote wawili kuwa wakosaji.

Kaunti haiajiri polisi

Katiba ya 2010 iligawa majukumu kati ya Serikali ya Kitaifa na kaunti, na katika Jedwali la Nne huduma za polisi zimewekwa upande wa Serikali ya Kitaifa. Kifungu cha 243 ndicho kilichounda Huduma ya Taifa ya Polisi, yenye sehemu mbili: Polisi wa Kenya na Polisi wa Utawala.

Kwa hivyo Gavana, mwakilishi wa wadi, waziri wa kaunti au karani wa ofisi yoyote ya kaunti hana orodha ya makurutu, na hawezi kuongeza jina la mtu. Askari wa kaunti mnaowaona sokoni na kwenye maegesho ni wafanyakazi wa kaunti, huajiriwa kwa utaratibu mwingine kabisa, na si maafisa wa polisi. Mtu akikwambia ana "nafasi za kaunti" za polisi, jua kwamba kitu kama hicho hakipo.

Usajili hutangazwa wazi katika magazeti ya kitaifa, gazeti la serikali la MyGov na tovuti rasmi za taasisi za polisi. Tangazo hutaja masharti, tarehe na kituo cha kila kaunti ndogo. Ujumbe wa WhatsApp unaokutaka ujaze fomu kisha utume pesa kwa simu si tangazo.

Masharti yanayojirudia

Kila tangazo lina masharti yake, na hayo ndiyo ya kufuata. Hata hivyo, kwa makonstebo matangazo ya miaka ya karibuni yamefanana sana:

• Uwe raia wa Kenya mwenye kitambulisho cha kitaifa.
• Uwe na umri wa kati ya miaka 18 na 28.
• Uwe umepata alama ya wastani ya D+ au zaidi katika KCSE, na alama inayotakiwa katika Kiingereza au Kiswahili.
• Uwe na afya njema ya mwili na akili.
• Usiwe umewahi kuhukumiwa kwa kosa la jinai, wala usiwe na kesi ya jinai inayoendelea.
• Mwanamke asiwe mjamzito wakati wa usajili na wa mafunzo.

Baadhi ya matangazo yameweka pia kimo: futi 5 na inchi 8 kwa wanaume, futi 5 na inchi 3 kwa wanawake. Wenye shahada wanaotaka kuanzia cheo cha inspekta husubiri tangazo tofauti, la makadeti.

Tazama masharti hayo tena. Alama, umri, kimo na afya ni vitu ambavyo mtu yeyote anaweza kuvipima nyumbani kabla ya kupanda matatu kwenda kituoni. Kama una D- ya wastani, hakuna mjomba mkubwa serikalini anayeweza kuigeuza iwe D+. Anayejaribu kufanya hivyo kwa cheti ghushi hujitia katika hatari ya kufungwa, kwa kuwa vyeti hukaguliwa tena baadaye na Baraza la Mitihani, KNEC, ambalo linahifadhi matokeo ya kila mtahiniwa.

Tengeneza karatasi mapema

Wengi huangushwa na karatasi hata kabla ya kukimbia. Kituoni huhitajika stakabadhi halisi, si nakala pekee. Kagua mambo matatu leo.

Kwanza, majina. Kama kitambulisho kinasema jina moja na cheti cha KCSE kinasema jingine, anza kurekebisha sasa. Haiwezekani kufanya hivyo asubuhi ya usajili. Pili, cheti kilichopotea. Ripoti katika kituo cha polisi upewe abstrakti, kisha omba kwa KNEC kupitia mtandao. Tatu, cheti kilichobaki shuleni kwa sababu ya karo. Mzazi azungumze na mwalimu mkuu mapema, na akikwama afike katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.

Kitambulisho kikipotea, nenda Huduma Centre au ofisi ya usajili wa watu iliyo karibu. Mambo haya yote huchukua siku au wiki, na tangazo la usajili halimsubiri mtu.

Siku yenyewe

Shughuli huanza asubuhi na kwa kawaida humalizika siku hiyohiyo. Maafisa hukagua stakabadhi, hupima kimo, huwakimbiza vijana, kisha wahudumu wa afya huchunguza macho, masikio, viungo na hali ya mwili kwa jumla. Wanaobaki hupangwa kulingana na nafasi zilizotengewa kituo, na waliochaguliwa hupewa barua ya kujiunga na chuo.

Anza mazoezi wiki kadhaa kabla. Kimbia polepole, ongeza umbali kidogo kidogo. Usiku wa kuamkia usajili lala, asubuhi kula chakula chepesi na unywe maji. Usimeze dawa za kukupa nguvu. Mwenye pumu, matatizo ya moyo au kifafa azungumze na daktari katika hospitali yetu yoyote kabla ya kujitosa uwanjani, maana anayeficha ugonjwa huhatarisha maisha yake.

Mtego wa wakala unavyofanya kazi

Watu huuliza: kama hongo haifanyi kazi, mbona fulani alilipa na akaingia?

Fikiria wakala aliyechukua pesa kutoka kwa vijana kumi wenye afya na alama za kutosha. Hajui mtu yeyote, hafiki hata uwanjani. Jioni, wawili kati ya kumi wamechaguliwa kwa nguvu zao wenyewe. Wakala huweka pesa za hao wawili na kujisifu kwamba amewaingiza. Wanane waliobaki huambiwa wangoje "orodha ya pili", kisha simu inazimwa. Wale wawili wanaamini walinunua nafasi, na wanakuwa tangazo lake kijijini mwaka unaofuata. Kumbe walilipia kitu ambacho tayari kilikuwa chao.

Mbinu nyingine ni barua ghushi. Kumekuwa na visa vya vijana kufika katika lango la chuo cha Kiganjo na masanduku yao, wazazi wakiwa wameshafanya sherehe, kisha kukamatwa kwa sababu barua waliyouziwa haikutoka kwa polisi. Ng'ombe ameuzwa, kipande cha shamba kimekwenda, na kijana analala seli badala ya bweni.

Mwaka 2014 ulifundisha nini

Haimaanishi kwamba hongo haijawahi kupita. Imewahi, na wote waliumia. Julai 2014 vijana 10,000 walisajiliwa kote nchini. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ilikuwa na waangalizi vituoni, na baada ya kuona hongo, upendeleo na ukiukaji wa taratibu ilikwenda kortini. Oktoba mwaka huohuo Mahakama Kuu ilifuta usajili wote. Mahakama ya Rufaa iliunga mkono uamuzi huo, na usajili ukarudiwa mwaka 2015.

Waliohonga walipoteza nafasi pamoja na pesa zao. Wasiohonga, waliokimbia na kushinda kwa haki, walipoteza nafasi zao pia. Hongo ya mmoja iliweza kumnyima jirani yake kazi aliyoistahili.

Sheria inasemaje

Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa kama inavyomshika anayepokea. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 10, au faini isiyozidi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Mkataba wa hongo hauna nguvu mbele ya sheria, kwa hivyo usitegemee korti ikusaidie kumdai wakala. Tapeli naye anaweza kushtakiwa kwa kujipatia pesa kwa njia ya udanganyifu.

Ukidaiwa pesa, hifadhi ujumbe, nambari ya simu na jina la mahali. Ripoti kwa Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi, EACC, ambayo ina madawati katika vituo vya Huduma Centre, au kwa IPOA ikiwa anayedai ni afisa wa polisi.

Ukichaguliwa, na ukikosa

Makurutu wa Polisi wa Kenya hupelekwa Kiganjo, Kaunti ya Nyeri. Wa Polisi wa Utawala na wa kikosi cha GSU hufunzwa Embakasi, Nairobi. Huko hupimwa afya tena na stakabadhi kukaguliwa upya, kisha hufunzwa gwaride, sheria, haki za binadamu, matumizi ya silaha na kazi ya kila siku ya kituo. Baada ya hapo konstebo anaweza kutumwa popote nchini, kuanzia Lodwar hadi Lunga Lunga. Anayetaka kazi ya karibu na nyumbani aliwaze hilo mapema.

Wengi hawatachaguliwa, kwa kuwa waombaji huwa wengi kuliko nafasi. Kukosa hakukufungii mlango: maadamu hujapita umri, unaweza kujaribu tena. Jeshi, Magereza, Huduma ya Misitu, Shirika la Wanyamapori na NYS pia huwasajili vijana, kila moja kwa masharti yake. Vyuo vyetu vya kiufundi navyo viko wazi kwa mwenye D+.

Mzazi, pesa ulizopanga kumpa wakala zinatosha nauli, viatu vya kukimbilia na nakala za vyeti, na bado zitabaki za karo ya muhula wa kwanza chuoni. Ofisi ya kila wadi itabandika tangazo rasmi litakapotolewa. Kulisoma ni bure.