Afya: Namna ndizi inayogeuka nyeusi inasaidia kupima nguvu ya majani ya dawa

Katika soko za Bukavu, Uvira ao Goma, chupa mbili za dawa ya mubirizi zinaweza kuuzwa bei moja na kuwa na rangi moja. Lakini majani ya chupa ya kwanza yalichumwa wakati wa mvua na kuanikwa kivulini, na yale ya pili yalichumwa wakati wa kiangazi, kisha yakachemshwa saa nyingi. Mgonjwa anakunywa kikombe asubuhi na kikombe magaribi, bila kujua ni dawa kiasi gani inaingia mwilini.

Kati ya vitu ambavyo wachunguzi wanatafuta ndani ya majani hayo, kuna fenoli. Mmea unazitengeneza ili kujikinga na wadudu, magonjwa na jua kali. Luteolini ya mubirizi na kuersetini ya majani ya mapera ni za jamaa hiyo.

Njia inayotumiwa sana katika labo imetoka kwa wanakemia Folin na Ciocalteu, tangu mwaka wa 1927. Maji yao ya njano yanageuka buluu yakikutana na fenoli, na kadiri fenoli ni nyingi, buluu inakolea. Shida ni kwamba vitamini C na aina fulani za sukari zinageuza pia rangi hiyo. Basi hesabu inaweza kupanda bila fenoli kuongezeka.

Njia ingine inaonekana kila siku jikoni. Ukikata ndizi, avoka ao kiazi na kukiacha hewani, kinakuwa cheusi. Kazi hiyo inafanywa na enzimu: inachukua fenoli na oksijeni ya hewa, kisha inaziunganisha. Mwaka wa 1985, huko Marekani, Sidwell na Rechnitz waliweka nyama ya ndizi juu ya chombo kinachopima oksijeni, ili kupima dopamini, ambayo nayo ina umbo la fenoli. Chombo hicho walikiita « Bananatrode ».

Leo wachunguzi wanatumia zaidi tirosinazi ya uyoga, ao lakazi inayotoka katika kuvu zinazoota juu ya miti iliyooza. Ukimwaga enzimu ndani ya maji ya majani, inapotea na kipimo kimoja tu. Ndiyo maana wanaifunga ndani ya vidonge vya ute wa mwani ao juu ya kipande cha kaboni. Kipimo kikiisha, inaoshwa na kutumiwa tena. Oksijeni inayopungua, ao umeme mdogo unaotokea, unalinganishwa na ule wa fenoli ambayo kipimo chake kinajulikana. Vipande vya kupima sukari ya damu katika hospitali vinafuata kanuni ya karibu na hiyo.

Kwa labo za mashariki mwa Kongo, ambako dawa za kupimia zinatoka mbali na umeme unakatika mara kwa mara, jambo hili lina uzito. Ndizi na uyoga vinapatikana hapa hapa, na mwanafunzi anaweza kujifunza kutoa enzimu humo. Lakini enzimu inaogopa joto, tena inachoka. Haishike fenoli zote sawa: aina fulani inazila mbio, zingine inaziacha. Kwa hiyo inafaa kuitumia pamoja na njia ya zamani, si peke yake.

Zaidi ya yote, fenoli nyingi hazimaanishe kwamba mgonjwa atapona. Mwenye homa ya malaria anapaswa kupimwa na kutunzwa hospitalini. Kile ambacho hesabu hiyo inaweza kufanya ni kumwonyesha muganga wa kienyeji kama kuanika kivulini kunaokoa kitu ndani ya majani, kama kuchemsha sana kunakiharibu, na kama chupa ya leo inafanana na ile ya mwezi uliopita.