Kompyuta ya gemu Bujumbura: Ubao mama ndio unaobeba mtaji

MTEJA anayeagiza kompyuta ya gemu huuliza kwanza kadi ya picha ni ipi. Mfanyabiashara anayemletea mzigo kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Dubai anapaswa kuanza na swali jingine: kadi hiyo na prosesa yake vitakaa kwenye ubao mama gani?

Swali hilo lina uzito wa pekee Mutanga Sud, mtaa wa makazi wa jijini Bujumbura, jirani na kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi. Kijana wa hapo akigundua jioni kwamba ubao aliouziwa haupokei prosesa yake, hawezi kuurudisha dukani kesho asubuhi. Duka liko ng'ambo ya mpaka, na aliyemletea ndiye atakayegongewa mlango.

Ubao mama, ambao mafundi wa Tanzania huuita mazabodi na wenzao wa Bujumbura, kwa mazoea ya Kifaransa, karti-meri, ndio unaobeba vifaa vingine vyote. Prosesa, RAM, kadi ya picha na diski huchomekwa juu yake. Kadi ikiharibika, hutolewa ikawekwa nyingine. Ubao ukikosewa, mara nyingi prosesa na RAM navyo hulazimika kubadilishwa, na faida ya safari nzima huishia hapo.

Forodha si mzigo mkubwa

Wafanyabiashara wengi huhofia mpaka kuliko kitu kingine. Kwa bidhaa hii, hofu hiyo imezidi kipimo. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na kuingia katika Umoja wa Forodha mwaka 2009. Katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya, kompyuta na vipuri vyake, ubao mama ukiwemo, viko kwenye fungu la asilimia 0.

Yapo mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, utaratibu rahisi wa forodha kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Ubao uliotengenezwa China au Taiwan hauingii humo, hata kama umenunuliwa Kariakoo. La pili, fungu la asilimia 0 linahusu ushuru wa forodha tu. Kodi za ndani huamuliwa na kila nchi, na kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani nchini Burundi ni asilimia 18. Anayenunua reja reja Dar es Salaam huenda pia amekwishalipa kodi kama hiyo ya Tanzania ndani ya bei ya duka. Wakala wa forodha aulizwe kabla mzigo haujafungwa, si ukiwa tayari Kobero.

Gharama iliyo nzito zaidi ni ya dola. Kwa miaka kadhaa kumekuwa na pengo kubwa kati ya bei ya dola katika Benki ya Jamhuri ya Burundi na bei ya mtaani. Ubao uliokosewa hununuliwa mara mbili, na mara zote mbili dola hutafutwa kwa faranga za Burundi.

Soketi kwanza, bei baadaye

Kitu cha kwanza cha kuangalia ni soketi, yaani kiti cha prosesa. Kila soketi hupokea familia yake tu. Kwa prosesa za AMD, soketi zinazopatikana kwa wingi ni AM4, iliyoanza kutumika mwaka 2016, na AM5, iliyoingia sokoni mwaka 2022. Kwa Intel, LGA1700 hupokea prosesa za kizazi cha 12, 13 na 14, huku LGA1851 ikiwa imetoka mwaka 2024 kwa ajili ya Core Ultra.

Kitu cha pili ni RAM. AM4 hutumia DDR4 na AM5 hutumia DDR5 peke yake. LGA1700 ndiyo inayowanasa wengi, kwa kuwa zipo bao za DDR4 na zipo za DDR5, na jina la ubao hutofautiana kwa herufi chache tu. RAM ya aina moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine hata ikilazimishwa. Kosa hilo limekuwa ghali zaidi tangu mwishoni mwa 2025, bei za RAM zilipopanda duniani kwa sababu viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye mashine za akili bandia.

Kwa mteja mwenye fedha ya wastani, AM4 bado ina hoja nzito. Prosesa zake ni nyingi madukani, mpya na zilizotumika, na RAM ya DDR4 inaweza kutolewa kwenye kompyuta nyingine za mtaani. Kasoro yake ni kwamba njia yake ya kukua imefika ukingoni. AM5 hugharimu zaidi kuanza, lakini AMD imeahidi kuendelea nayo hadi 2027 na zaidi, hivyo mteja anaweza kubadili prosesa baadaye bila kugusa ubao. Mfanyabiashara amweleze mteja njia zote mbili kabla ya kupokea kianzio.

Ukubwa nao una maana safarini. Ubao wa ATX una sentimita 30.5 kwa 24.4, na Micro-ATX una 24.4 kwa 24.4. Kwa mwenye kadi moja ya picha na diski moja au mbili, Micro-ATX unatosha. Mara nyingi bei yake ni ndogo, na nafasi inayobaki kwenye begi hubeba kitu kingine cha kuuza.

Uwake mbele ya muuzaji

Ubao unaweza kuwa na soketi sahihi na bado ukakataa kuwaka. Ndani yake kuna programu ndogo inayoitwa BIOS, ambayo huitambua prosesa. Ubao wa B450 uliotoka kabla ya prosesa za Ryzen 5000 hauzitambui mpaka BIOS yake ifanywe upya. Ubao wa mfululizo wa 600 wa Intel ulioanza na kizazi cha 12 nao huhitaji hivyo ili kupokea kizazi cha 14.

Kazi hiyo isisubiri Bujumbura. Umeme ukikatika katikati ya kubadilisha BIOS, ubao unaweza kufa papo hapo. Dawa yake ni kununua prosesa na ubao kwenye kaunta moja, kisha kumtaka muuzaji aviwashe pamoja, mteja akiona jina la prosesa kwenye skrini, ndipo vifungwe.

Kabla ya kulipa, tochi ya simu imulikwe ndani ya soketi. Kwenye AM5 na soketi hizo za Intel, pini nyembamba ziko kwenye ubao wenyewe, na moja ikipinda kompyuta huweza kukataa kuwaka au kupoteza nusu ya RAM. Kwa kawaida waranti haigusi pini zilizopinda. Kifuniko cha plastiki cha soketi kisitupwe, kwani ndicho kinachozilinda pini njiani, na ubao ukirudishwa bila hicho madai huweza kukataliwa.

Kutoka Dar es Salaam hadi Bujumbura ni kiasi cha kilomita 1,500 za barabara. Kompyuta iliyokwisha kuunganishwa isisafirishwe ikiwa na kadi nzito ya picha ndani, maana mtikisiko huweza kuvunja nafasi ya kadi kwenye ubao. Kadi isafiri kwenye boksi lake, na ubao ubaki kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli.

Umeme wa Bujumbura

Bwawa la Rusumo, lenye megawati 80 zinazogawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania, limeongeza umeme katika gridi, lakini mteja wa Regideso bado anajua kukatika ni nini. Ubao ulio imara zaidi haumlindi mtu na umeme unaoruka. Oda ya kompyuta ya gemu iende pamoja na UPS na pawa saplai ya kuaminika, hata kama mteja atalazimika kushuka daraja moja kwenye kadi ya picha. Ubao wenyewe uchaguliwe wenye vyuma vya kupoza karibu na soketi, kwenye sehemu inayoshusha volti za prosesa, kwa kuwa joto la jiji hili la kando ya Ziwa Tanganyika halina huruma na vipuri vya bei ya chini kabisa.

Jambo dogo linalosahaulika ni plagi. Waya wa Dar es Salaam huja na pini tatu bapa, na matundu ya ukutani Bujumbura ni ya pini za mviringo. Waya mmoja wa ziada hugharimu kidogo kuliko lawama.

Mtego wa kompyuta za ofisini

Baadhi ya wafanyabiashara hununua kompyuta zilizotumika maofisini Ulaya, kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk, wakazifanya za gemu kwa kuongeza kadi. Kwa bei ni wazo zuri, na kwa kazi za shule ni mashine nzuri. Lakini bao mama za matoleo mengi ya aina hiyo hutumia viunganishi vya umeme vya kampuni yenyewe, hivyo pawa saplai ya kawaida haiingii bila kifaa cha kati. Zile zenye umbo dogo hupokea kadi fupi peke yake. Mteja aambiwe mapema kwamba anachonunua hakitakua sana.

Jumuiya imeondoa ushuru kwenye vipuri hivi, lakini waranti ya duka la Kariakoo au Dubai humtaka mteja arudi kwenye duka hilohilo. Ndiyo maana mwenye mzigo anapaswa kuweka kwenye bei yake nauli ya safari moja ya kurudisha kitu, kuhifadhi risiti na boksi kwa muda wote wa waranti, na kumwandikia mteja siku ngapi atabeba dhamana na kwa kasoro zipi. Mwenye mtaji wa kutosha huongeza ubao mmoja wa akiba wa soketi anayoiuza zaidi, akauhifadhi Bujumbura.